Sahani ya Yunusu

Mtaa wote wa Mtanda ulijua kwamba ukitaka Bi Mwanaheri akuitikie, sharti umwite mara mbili. Ukimwita mara moja utasimama mlangoni mpaka uote mizizi, naye yuko ndani, anakusikia, anachambua mchele wake taratibu. Wanawake waliokwenda kuazima kinu walikwisha kuzoea. Wakifika huita, "Mama Yunusu, Mama Yunusu," kwa mkupuo mmoja, halafu husubiri wakitazamana. Vijana walimcheka. Watu wazima hawakumcheka sana, maana kila mtu wa pwani amefundishwa na bibi yake kwamba sauti usiyemwona mwenyewe haiitikiwi mara ya kwanza. Binadamu ataita tena. Asiye binadamu huita mara moja tu. Ila sisi wengine mafundisho hayo tunayakumbuka magharibi, au tukiwa peke yetu porini. Bi Mwanaheri aliyashika mchana kutwa, ndani ya nyumba yake, hata kwa binti yake wa kumzaa.

Binti huyo aliitwa Ziada, na wakati wa mambo haya alikuwa na miaka kumi na saba. Alijifunza kusema "mama, mama" kabla hajajua kwamba watoto wa wenzake husema mara moja.

Kabla yake alizaliwa Yunusu, na jina la Yunusu ndilo wazazi wote wawili waliloitwa na watu, Mama Yunusu na Baba Yunusu, ingawa Yunusu mwenyewe hakuna aliyemwona tena. Alipotea akiwa na miaka saba, Ziada akiwa wa miwili. Miaka hiyo Waingereza walikuwa bado hawajakaa vizuri kwenye viti walivyoviacha Wajerumani, na Mzee Abdulatifu, baba mtu, alikuwa akichimba sandarusi upande wa Milola. Sandarusi ni utomvu wa miti ya zamani za kale, umezama ardhini, na Wahindi wa mjini Lindi waliununua kuupeleka Ulaya kung'arishia mbao. Huchimbwa baada ya masika, udongo ukiwa laini. Mzee alimchukua mtoto akaenda naye huko, mwendo wa siku moja na nusu, akarudi peke yake. Alisema mtoto alikwenda mtoni kuchota maji, hakurudi.

Watu walitafuta siku sita. Walipiga ngoma, walichoma nyasi, hawakuona hata unyayo. Mganga mmoja wa huko akatazama ramli akasema mtoto hakufa, kachukuliwa, na aliyechukuliwa ipo siku huachiwa. Maneno hayo yalimfika Bi Mwanaheri, naye akakataa matanga. Yunusu hakusaliwa, hakusomewa hitima, arobaini yake haikupikwa. Aliyekufa husomewa, na aliye safarini huwekewa chakula. Bi Mwanaheri akaweka chakula.

Alikiweka kila jioni, katika sahani ya bati yenye maua ya buluu. Hata siku ya dhiki, nyumba nzima inakula bada ya muhogo kwa mchicha, sahani ile haikukosa samaki mzima na kichwa chake. Juu yake aliweka kawa, juu ya kawa akaweka jiwe kwa ajili ya paka, akaiacha jikoni, uani. Mlango wa uani haukutiwa komeo hata usiku mmoja. Na kila asubuhi jua likitoka sahani ilikuwa tupu. Kawa imerudishwa, jiwe liko juu yake, miba imesukumwa upande mmoja, na ukingoni mwa sahani yamebaki macho mawili ya samaki, meupe, yakitazama juu.

Bi Mwanaheri huyatazama macho hayo kitambo, kisha huchukua majivu akasugua sahani.

Ziada alikua na ndugu wa namna hiyo. Hakumwona, ila alijua kwamba hapendi macho ya samaki, na kwamba anakua. Kila Idi mama alimshonea Yunusu kanzu mpya, ya mtoto wa miaka minane, ya tisa, ya kumi, akiziongeza urefu mwaka hata mwaka, akizikunja sandukuni bila kuvaliwa. Ziada akiwa mdogo aliogopa kupita karibu na sanduku lile. Alipokua zaidi hofu ilipungua, akabaki na kitu kibaya kuliko hofu, nacho ni kuzoea.

Kanzu ya mwisho ilishonwa na Hasani, fundi cherehani aliyetoka Kilwa Kivinje kufanya kazi Lindi kwenye baraza la duka la Mhindi. Bi Mwanaheri alimpelekea kipimo cha uzi wenye mafundo: fundo la bega, fundo la mkono, fundo la kisigino. Hasani akamwuliza Ziada, aliyetumwa kuichukua, huyu mwanamume mrefu hivi ni nani, mbona hajamwona msikitini. Ziada akajibu ni kaka yangu, akaichukua kanzu akaondoka upesi. Fundi yule alikuwa na macho ya kuona, hakuuliza tena. Miezi miwili baadaye alituma washenga.

Washenga walijibiwa kwa heshima. Bi Mwanaheri alisema kaka mtu hajarudi, na binti hawezi kuozwa kaka yake asipokuwepo kusimama. Washenga wakamgeukia baba, maana walii ni baba, si kaka. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Mzee Abdulatifu akatazama kikombe chake cha kahawa. Akasema mama mtu amekwisha kusema. Walirudi mara ya pili baada ya mfungo, wakajibiwa vilevile, na Mzee akatazama kikombe vilevile. Siku ile Ziada alimchukia ndugu yake waziwazi. Alitamani arudi, na alitamani awe amekufa, na hakuona tofauti kubwa kati ya matamanio hayo mawili.

Masika yalipokwisha Mzee akashikwa na kichomi. Alfajiri ya pili ya ugonjwa, mama akiwa chumbani kwenye mswala wake, na uradi wake huwa haumalizi mpaka jua litoke, Mzee alimwita Ziada kwa kidole. Alikuwa amejaribu kuinuka, akashindwa, jasho linamtiririka.

"Nenda jikoni kabla mama yako hajamaliza uradi," alisema. "Kula kilicho chini ya kawa. Macho uyaache kama siku zote. Jiwe lirudishe."

Ziada alisimama pale asielewe, kisha akaelewa. Miaka kumi na mitano. Alimtazama baba yake, mtu aliyemjua kwa heshima zake na ukimya wake, akamwona akiinama gizani kila alfajiri akila chakula cha mtoto. Akaenda. Alikula amesimama, haraka, wali wa jana umekuwa mgumu, samaki amepoa. Akayang'oa macho akayaweka ukingoni. Mkono wake ulijua pa kuyaweka.

Siku tatu zilizofuata Mzee alimsimulia kidogo kidogo, kadiri pumzi ilivyomruhusu. Kulikuwa na shimo refu na jembamba, na chini yake pango la ubavuni lililojaa sandarusi safi, ila mtu mzima hapenyi. Kabla ya safari alimwapia mkewe kwamba mtoto hatashushwa shimoni. Alimshusha kwa kamba. Udongo ukaporomoka nyuma ya mtoto. Mzee alichimba kwa jembe, akachimba kwa mikono, na wakati wote huo mtoto alikuwa akiita kutoka ndani. Hakumwita baba. Alimwita mama yake, tangu asubuhi hadi jua la utosi. Kisha ukaporomoka udongo wa pili, na hakukusikika kitu. Mzee akalifukia shimo lote, akapanda mkorosho juu yake, akaenda kuwaambia watu habari ya mto.

Chakula, alisema, alianza kukila kwa huruma. Asubuhi ya kwanza alimwona mkewe akifunua kawa akakuta samaki mzima, akaona uso wake ulivyokuwa, akaapa uso ule hatauona tena. Siku moja ikazaa ya pili.

"Usimwambie," alisema. "Na zaidi ya yote usimwambie kwamba aliita. Hilo litamuua."

Ziada akaahidi. Nani angekataa, mbele ya mtu anayehangaika na pumzi? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo hakikumuumbua Mzee Abdulatifu. Kilimchukua Alhamisi, akazikwa kwa heshima zote, akasomewa hitima iliyojaza baraza tatu, na siri yake akairithisha, maana kitu kingine cha kurithisha hakuwa nacho.

Bi Mwanaheri akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, havai rangi, hajitii manukato. Chakula cha Yunusu hakuacha kukiweka. Ziada naye hakuacha kukila.

Mwanzoni alihesabu ni kazi kama kazi nyingine za alfajiri. Kisha akaanza kuona mambo. Aliona kwamba chakula kile hakimshibishi. Angemaliza sahani nzima akatoka jikoni tumbo linamkata kwa njaa. Alijikuta amekaa chini, kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, magoti yamegusana, anakula kwa vidole vitatu kama mtoto. Mara nyingine alihisi mtu amesimama nyuma yake akisubiri zamu, akawa anakula upesi zaidi, huku akiona haya, kana kwamba anamwibia. Alikonda. Majirani walisema ni uchungu wa baba, na hawakukosea sana.

Katika mwezi wa tatu wa eda ilitokea asubuhi moja ambayo hakutaka hata kuikumbuka. Aliondoa jiwe, akainua kawa. Samaki alikuwa mzima, changu mnene, hakuguswa popote. Ila jicho moja halikuwepo. Lilikuwa limetolewa vizuri, tundu ni safi. Hapakuwa na paka wala panya, na jiwe alilitoa yeye mwenyewe juu ya kawa. Ziada alikaa pale hata akasikia jogoo wa pili. Mwisho akala, kwa sababu hakujua la kufanya isipokuwa lile alilozoea, akaacha ukingoni jicho moja. Mama alipokuja kuosha alilitazama jicho lile muda mrefu kuliko siku zote. Akaosha, akaondoka.

Eda ilipokaribia kwisha alikuja Salumu, mdogo wake marehemu. Salumu ni mtu wa maneno machache na mengi yake makali. Alisema sasa walii ni yeye, washenga wa fundi wa Kivinje wamemjia, na habari ya kusubiri kaka imekwisha. Akamgeukia Ziada amwulize kama yuko radhi. Hapo ndipo Ziada aliposhangaa mwenyewe. Kivinje ni mbali. Akienda Kivinje, nani atainuka alfajiri? Asubuhi ya kwanza mama atafunua kawa akute samaki mzima. Akafungua kinywa, akasikia kikisema kwa sauti yake:

"Kaka hajarudi, baba mdogo. Tusubiri."

Salumu alimtazama kama mtu aliyetemewa mate, akachukua fimbo yake akaenda. Ziada alilia jikoni, mdomo ameuziba kwa nguo. Alikuwa akimpenda Hasani. Na mama, aliyekuwa chumbani na mlango wazi, aliyasikia yote.

Siku ya mwisho ya eda Ziada aliingia jikoni alfajiri akamkuta mama amekaa kwenye kibao cha mbuzi. Hakuwa kwenye uradi. Kibatari kilikuwa kinawaka, kawa imefunuliwa, sahani iko magotini mwake.

"Kaa," alisema. Ziada akakaa chini. "Umekula siku ngapi?"

Ziada akaitazama kawa iliyofunuliwa.

"Baba yako alikula miaka kumi na mitano. Nilikuwa nataka kujua wewe utafika wapi. Juzi ulipomjibu Salumu, nikaona utafika mbali kuliko yeye."

Ziada akamwuliza alijua tangu lini. Bi Mwanaheri akaigeuza sahani kidogo, kichwa cha samaki kikawa upande wa mwanawe.

"Tangu asubuhi ya kwanza. Yunusu alikuwa anaanza na macho. Akikaa na mimi hapa uani kula, ugomvi wetu ulikuwa ni macho ya samaki, akiyakosa analia. Baba yako angejuaje? Yeye alikula barazani na wanaume wenzake, hakupata hata siku moja kula sahani moja na mwanawe. Yeye ndiye asiyeweza macho, tangu nimeolewa naye. Nilipoyaona ukingoni nikajua nani amekula. Na nikajua mtoto hayupo. Mtu anayengoja hali chakula cha anayengojewa."

Kumbe siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kwa miaka kumi na mitano mume alikula akidhani anamfichia mke, na mke alipika akijua, akisubiri siku atakayochoka aseme. Kila jioni alimwekea samaki, kila Idi akashona kanzu, hata washenga akawarudisha ili mume aseme, na kila asubuhi alipokea jibu lilelile la macho mawili. Na katikati yao alikua mtoto, akifundishwa na wote wawili, bila neno, namna ya kunyamaza. Ziada aliliona hilo lote kwa mara moja pale chini, akashikwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo. Aliwakasirikia wote, aliye hai na aliye kaburini. Akamwuliza mama kwa nini hakusema, kwa nini hakuuliza hata mara moja.

"Niliogopa," alisema Bi Mwanaheri. "Lakini siku ile nilipoona limebaki jicho moja, nikajua kuna aliyechoka kutungoja sisi. Haukuwa mkono wangu, Ziada. Na najua hukulila wewe."

Basi Ziada akasema. Alisema habari ya shimo, ya kiapo, ya kamba, ya udongo. Alitaja mkorosho. Mama alisikiliza bila kumkatiza, mikono yote miwili imeshika sahani. Ziada alipomaliza, mama akauliza swali moja tu.

"Aliita?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Ziada alimwona baba yake kitandani, alisikia ile pumzi. Neno la kusema hapana lilikuwa tayari ulimini, jepesi, la huruma. Alijua pia kwamba akilisema ataamka nalo kesho alfajiri, na kesho kutwa, na siku moja atakuwa na mtoto wake mwenyewe atakayekua akilila bila kujua.

"Aliita, mama. Alikuita wewe. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri."

Bi Mwanaheri alifumba macho. Hakulia. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilimsikia," alisema. "Nilikuwa hapa, natwanga muhogo, jua liko utosini. Sauti ikatoka nyuma ya mlango ule. 'Mama.' Sauti yake. Nikasema Yunusu yuko Milola, huyu si mtu. Nikashika mchi nikangoja aite mara ya pili. Hakuita. Kwangu ilifika moja tu." Akautazama mlango wa uani. "Siku ya tatu yake baba yako akarudi peke yake. Tangu hapo ningewezaje kumwitikia mara ya kwanza mwanamke aliyekuja kuazima kinu, na mwanangu sikumwitikia?"

Ziada alimshika mama yake miguu. Walikaa hivyo mpaka jua likaingia uani. Kisha Bi Mwanaheri akachomoa jicho la samaki kwa kidole, akamlisha bintiye mdomoni, na la pili akala mwenyewe.

Alioga siku ile, akavaa kanga mpya, na eda ikawa imekwisha. Wiki haikupita wakaenda upande wa Milola, wao wawili, Salumu na mwalimu wa msikiti. Mkorosho ulikuwepo, umetanua matawi, na mwaka ule ulikuwa umezaa sana. Korosho zilijaa chini hakuna aliyeziokota. Mwalimu akasoma, wanaume wakasali. Walipomaliza Bi Mwanaheri aliomba aachwe kidogo. Ziada akiwa pembeni alimwona anapiga magoti, anaweka mdomo karibu na udongo, na akamsikia akiitika.

"Bee, mwanangu," alisema. "Bee. Bee." Aliitika mara nyingi sana, mpaka sauti ikamkauka.

Walirudi Lindi jioni ya siku ya tatu, wamechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Salumu alikuwa amekwisha kutuma neno Kivinje. Jioni hiyo mama hakupika samaki wa peke yake. Walikula wote sahani moja. Baadaye Ziada aliosha vyombo uani, akabaki na sahani ya bati yenye maua ya buluu mkononi, asijue pa kuipeleka. Mama alikuwa chumbani, anatoa kanzu sandukuni za kuwapa watoto wa chuoni.

"Mama," aliita Ziada, na akakumbuka kwamba ameita mara moja tu. Akavuta pumzi aongeze ya pili.

"Bee," aliitika mama kutoka ndani.

"Sahani hii niiweke wapi?"

"Weka na nyingine," alisema mama. "Halafu utie komeo mlango wa uani."